Mgahawa wa Kipakistani Deira, watu watano: tuagize nini, kiasi gani na saa ngapi?

Mzigo_Kkoo

Wakuu, salaam. Mwezi ujao tunakwenda Dubai watu watano kufuata mzigo, tutafikia Deira. Safari hii tumekubaliana tuachane na kuku wa kukaanga na chipsi, tukae chini tule chakula cha Kipakistani chenyewe, kile wanachokula Wapakistani wanaoishi pale, si cha hoteli za watalii.

Kinachotushinda ni menyu. Karahi, handi, nihari, paya, boti, kisha pembeni kuna hafu, fulu na bei ya kilo. Mgahawa wa kweli nautambuaje nikiwa bado mlangoni? Watu watano tuagize kiasi gani tushibe bila kubakiza? Na nihari nasikia ina saa zake, ni kweli? Tutakuwa na mama mmoja hali pilipili hata kidogo, naye msimsahau. Nyama tunakula zote, mbuzi, kondoo, ng'ombe na kuku.

Abu_Nasra_SHJ

Waalaykum salaam mkuu. Menyu hiyo haitakusumbua ukishajua kwamba jikoni kuna vyakula vya namna mbili. Kuna vinavyopikwa baada ya wewe kuagiza: karahi (nyama na nyanya zinazopikwa kwenye karai la chuma), kebabu na mishkaki, mikate. Na kuna vilivyokaa motoni tangu usiku au alfajiri, kazi iliyobaki ni kupakua: nihari (mchuzi mzito wa muundi), paya (supu ya miguu), haleem (aina ya bokoboko), biryani. Vya kwanza unavisubiri, vya pili unaviwahi. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanafika saa nne usiku wanaomba biryani, wanapewa masalia ya mchana, halafu wanamgombeza mhudumu kwa sababu karahi ya mbuzi imechukua dakika 45, na huo ndio muda wake halali.

Ukiwa mlangoni, tafuta jiko kwanza. Mgahawa wa karahi huweka majiko ya gesi yenye moto mkali mbele, nyuma ya kioo au karibu na mlango, na utasikia chuma kinagongana na chuma. Tanuri la mikate halipumziki: mtu mmoja anatandaza unga, mwingine anachomoa naan kwa vyuma viwili virefu. Tazama na waliokaa. Madereva wa teksi na mafundi wa Kipakistani wakijaa, na sinia za mikate zikipita kila dakika, ingia. Menyu fupi ni dalili nzuri. Ukikuta vindaloo, madras na jalfrezi zimepangwa kwa daraja za ukali, hilo ni jiko la mtindo wa migahawa ya Kihindi ya Uingereza, ambako rojo moja la msingi hupikwa mapema kisha linageuzwa majina mbalimbali. Kinalika, ila sicho mlichokifuata.

Bei ya kilo ni ya nyama mbichi pamoja na mifupa yake. Nusu kilo ya karahi ni ya watu wawili, kilo moja inatosha wanne ikiwa kuna kitu kingine mezani. Hafu na fulu za kuku maana yake ni nusu kuku au kuku mzima. Palipoandikwa mutton, kwa Wapakistani kawaida ni mbuzi, lakini Ghuba unaweza kuletewa kondoo, kwa hiyo uliza: bakra ni mbuzi, dumba ni yule kondoo mwenye mkia wa mafuta.

Kwa watu watano mimi ningeagiza hivi: karahi ya mbuzi kilo moja, seekh kebab (nyama ya kusaga ya mshikaki) sahani mbili, malai boti (vipande vya kuku wa kuchoma) sahani moja, dengu (daal) sahani moja, raita (mtindi wa kulia chakula) bakuli mbili. Mikate minane, lakini minne kwanza, minne mingine mkifika katikati. Naan ikikaa dakika kumi nje ya tanuri inaanza kuwa ngumu kama ngozi, na hakuna mchuzi utakaoirudisha. Mwambie mhudumu "garam roti", ataelewa unataka mikate inayotoka motoni sasa hivi. Kachumbari na ndimu kwenye migahawa mingi midogo huletwa bila malipo, uliza kabla hujaagiza saladi ya kulipia.

Msiagize michuzi minne ya aina nne. Karahi, korma, handi na nihari kwenye meza moja ni mafuta juu ya mafuta, na kufikia tonge la kumi hamtajua mnakula nini.

Jiko_la_Tononoka

Naongeza kuhusu karahi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mpishi ni nani. Anayejua inavyopikwa hadanganywi mezani, basi niieleze yote.

Karahi ya Peshawar haina kitunguu maji na haitiwi maji. Kuku mmoja wa kilo moja na robo, aliyekatwa vipande 12 hadi 16 na mifupa yake. Nyanya mbivu zenye nyama, gramu 700. Mafuta mililita 150 (kule kwao, kwa mbuzi na kondoo, hutumia mafuta ya mkia wa dumba). Thomu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko cha mezani kimoja na nusu. Chumvi vijiko viwili vya chai kasoro kidogo, pilipili manga iliyotwangwa nusunusu kijiko kimoja cha chai, pilipili mbichi sita. Tangawizi nyingine uikate njiti nyembamba za kumwagia juu.

Mafuta yapate moto sana, tia kuku, mwache apate rangi kwa moto mkali dakika saba au nane. Tia thomu na tangawizi dakika moja, na chumvi. Sasa zikate nyanya vipande viwili viwili, zipange juu ya nyama sehemu iliyokatwa ikitazama chini, funika. Baada ya dakika sita hadi nane maganda yamejiachia, unayanyofoa kwa koleo moja baada ya jingine. Hapo ndipo kazi inaanza: funua, ongeza moto, ponda nyanya kwa ubapa wa mwiko, koroga na kukwangua pembeni dakika kumi au zaidi mpaka maji yote yakauke na mafuta yajitenge ukingoni. Tia pilipili mbichi na pilipili manga, dakika mbili, tangawizi juu, peleka mezani chombo kikiwa bado kinachemka.

Kinachoharibika, karibu kila mara, ni pale kwenye kukausha. Mpishi mwenye haraka anaipua nyanya zikiwa bado na maji, unaletewa mchuzi mwekundu wenye uchachu mbichi na nyama inaelea. Mwingine anaokoa muda kwa kutia rojo la kitunguu lililopikwa asubuhi. Utamjua kwa utamu, maana karahi ya nyanya ina ukali na chumvi, haina sukari ya kitunguu. Vipande vya maganda yaliyojikunja mdomoni maana yake hakuyanyofoa. Na karahi ya mbuzi iliyofika baada ya dakika kumi na tano ilichemshwa nyama yake mapema: utaona nyama laini isiyo na ladha ndani, rojo limekaa upande wake, nyama upande wake.

Lahore wanatia bizari nyembamba, giligilani kavu, wengine mtindi kidogo mwishoni. Hilo si kosa, ni mji mwingine.

Bint_Makunduchi

Jiko_la_Tononoka, ahsante kwa maelezo. Kwa jiko la nyumbani la plate mbili hiyo karahi inawezekana, au moto wetu hautoshi?

Jiko_la_Tononoka

Inawezekana dada, ila usipike kuku wote kwa mpigo. Nusu ya kipimo kile kwa karai la chuma la upana wa sentimita 28 hivi. Ukijaza chombo, kuku anatoa maji, joto linaanguka, na nyama inachemka badala ya kukaangika. Vilevile punguza nyanya ziwe gramu 350, zile zenye nyama zilizoiva vizuri, si za maji. Ukiona baada ya dakika kumi za kukausha bado kuna maji, mtoe kuku pembeni, kausha rojo peke yake, kisha mrudishe. Ukimwacha humo anasambaratika.

Mbaruku_KHI

Suala la nihari. Nihari ni chakula cha asubuhi kwa asili yake, cha Delhi, na familia zilizohamia Karachi baada ya mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947 ndizo zilizoipandisha hadhi pale. Mpaka leo ukiitaja nihari Karachi, watu wanaanza kubishana kuhusu duka lipi la Burns Road, mtaa wa vyakula wa pale.

Ni nyama ya muundi wa ng'ombe, inapikwa kwa moto mdogo saa sita hadi nane, kwa kawaida usiku kucha. Viungo vyake vinatofautiana na vya pilau: shamari nyingi, tangawizi kavu, pilipili ndefu (pipli), iliki nyeusi, kungumanga na basibasi. Mafuta mekundu yanayopanda juu wanayaengua na kuyaweka kando. Kisha unga wa ngano usiokobolewa unakorogwa kwa maji baridi na kumiminwa taratibu huku mtu anakoroga bila kusimama, na sufuria inaachwa tena dakika 20 au nusu saa ili unga uive. Ukipakuliwa, yale mafuta yanarudishwa juu ya bakuli lako.

Makosa mawili utayatambua kwa ulimi. Unga usioiva unaganda kwenye kaakaa na una harufu ya uji mbichi. Na nihari isiyolala motoni ina nyuzi za nyama zinazokatika kwa meno. Iliyoiva inakatika kwa ncha ya mkate.

Sikubaliani kabisa na wanaosema isiliwe usiku. Miji ya Ghuba ina wateja wa usiku, na mgahawa unaoiheshimu nihari unapika sufuria mbili, moja ya alfajiri na moja ya jioni. Uliza tu: ya leo imetoka saa ngapi? Wakikujibu moja kwa moja, agiza. Wakianza kutazamana, chukua karahi. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi nenda Ijumaa au Jumapili kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ikipita saa nne uboho na ubongo huwa vimekwisha, na hivyo ndivyo vinavyotajwa kwenye menyu kama nalli na maghaz.

Inakuja na kisahani cha njiti za tangawizi, pilipili mbichi, kotmiri na ndimu. Si mapambo hayo. Onja kwanza bila kitu, halafu kamua ndimu, kwa sababu uzito wa uboho unahitaji uchachu. Ile na khamiri roti, mkate mnene wa hamira wa unga mweusi kidogo, unabeba rojo vizuri kuliko naan nyeupe. Bakuli moja kwa mtu mmoja, na kwa asubuhi hiyo msiagize kingine zaidi ya chai.

Abu_Nasra_SHJ

Nakubali kwa hilo la sufuria mbili. Nilikuwa nawazungumzia wale wenye moja.

Bi_Salma_Vuga

Wanangu, kabla hamjaagiza biryani mjue mtaletewa kitu tofauti na cha kwetu. Biryani ya pwani wali unakaa peke yake na rojo la nyama linawekwa juu wakati wa kupakua. Ya Karachi vinapangwa tabaka kwa tabaka: wali uliochemshwa ukaachwa na kiini kigumu, masala ya nyama, wali tena, kisha sufuria inazibwa na kupata mvuke dakika 20 hadi 25. Kwa hiyo punje nyingine zitakuwa nyeupe, nyingine za njano, nyingine zimelowa masala, na ndivyo inavyotakiwa. Ndani kuna viazi na plamu kavu zenye uchachu (aloo bukhara), msizitupe. Anayelalamika kwamba haina rojo aombe raita.

Saa yake ni adhuhuri, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane. Baadaye wali wa juu unakauka na wa chini unakuwa mafuta matupu. Na mwambieni mpakuaji achote kutoka chini kwenda juu, asikwangue juu tu, la sivyo mtakula wali wenye rangi usio na nyama.

Kuhusu yule mama asiyekula pilipili. Malai boti aliyoitaja Abu_Nasra inamfaa, kuku wa kuchoma aliyelala kwenye mtindi na krimu, lakini aulize kama wametia pilipili mbichi ya kusaga, wengine hutia. Kilicho salama zaidi ni namkeen gosht, nyama ya kondoo au mbuzi iliyopikwa kwa chumvi na mafuta yake, mapishi ya Wapashtuni, watu wa upande wa Peshawar. Pale Namak Mandi, Peshawar, watu wanachagua nyama ikiwa inaning'inia, inapimwa mbele yao. Kwenye menyu za Ghuba tafuteni maneno Shinwari au namkeen. Wali wake uwe yakhni pulao, uliopikwa kwa supu ya nyama, jamaa wa karibu wa pilau yetu. White karahi asidanganywe na rangi, ina pilipili manga nyingi. Na bihari kebab asiiguse.

Haleem nayo ninyi wengine mnaweza kuionja kwa ncha ya mkate. Ni ndugu wa bokoboko, ila hii ina shayiri na dengu pamoja na ngano, na viungo vyake vina moto. Mwenye kinywa cha bokoboko ataipenda, mwenye kuogopa pilipili aanze na kijiko kimoja.

Mzigo_Kkoo

Nashukuru sana wakuu, na wewe Bi Salma shikamoo. Maswali mawili ya mwisho. Tukiagiza kebabu na karahi pamoja, zitakuja pamoja? Na namna ya kula: kila mtu na sahani yake au chombo kimoja? Wanawake tutakuwa nao wawili.

Bi_Salma_Vuga

Marahaba mwanangu. Kwa kuwa mko na wanawake, ulizieni family hall (ukumbi wa familia) mara mkiingia. Mingi ina ghorofa ya juu au vyumba vyenye pazia, pana nafasi na pa kunawia mikono pako karibu. Si lazima, ila mtakaa kwa raha zaidi, maana chini kunajaa wanaume wanaokula haraka na kuondoka.

Abu_Nasra_SHJ

Kebabu zinakuja kwanza, dakika 10 hadi 15, na hilo ni jema. Zikipoa mafuta yanaganda na nyama inakuwa ngumu, kwa hiyo msizihifadhi kusubiri karahi. Agizeni vyote kwa pamoja mkikaa, mle kebabu na mikate minne ya kwanza, karahi ikikaribia ndipo mwite mikate mingine. Seekh nzuri haivunjiki ukiinyanyua, na haina ngozi ngumu nje. Ikivunjika kama mchanga mafuta yalikuwa machache. Ikiwa na mguso wa sponji wametia unga au mkate mwingi. Bihari kebab ni vipande vyembamba vya ng'ombe vilivyolainishwa kwa papai bichi, ujanja ule ule wa mishkaki ya kwetu. Papai likizidi muda, nyama inakuwa kama imetafunwa tayari. Ikija hivyo irudisheni.

Karahi inawekwa katikati, chombo kimoja juu ya ubao, kila mtu anakula upande wake kwa mkono wa kulia. Sahani ndogo ni ya mifupa. Ukingo wa chuma unaunguza, mikono ya nguo iwe mbali. Kata kipande cha naan cha ukubwa wa vidole vitatu, kikunje, bana nyama dhidi ya ukingo, kisha futa rojo. Mafuta yaliyobaki chini hamlazimiki kuyamaliza. Anayeona ni mengi aombe tangu kuagiza "oil kam", na pilipili "mirch kam", mpishi atapunguza, kwa sababu karahi inapikwa kwa ajili yenu peke yenu.

Mbaruku_KHI

Mkimaliza msiombe soda. Ombeni doodh patti, majani ya chai yaliyochemshwa ndani ya maziwa matupu bila maji. Semeni kiwango cha sukari kabla, maana inachemshwa humo humo. Baada ya namkeen gosht Wapashtuni wanakunywa kahwa, chai ya kijani yenye iliki, nayo inashusha mafuta vizuri zaidi. Lassi, kinywaji cha mtindi, ni ya mchana. Ya chumvi inaitwa namkeen, ya sukari meethi, taja unayotaka la sivyo mtaletewa yoyote.

Bei za menyu Dubai huwa tayari zina VAT ya asilimia 5. Kwenye bili angalieni mistari mitatu: uzito wa karahi kama ni mliouagiza, idadi ya mikate, na chupa za maji, kwa sababu chupa kubwa huwekwa mezani bila kuombwa na ikifunguliwa inahesabiwa. Nyama ikibaki semeni "parcel", wanafunga. Karahi ya mbuzi inapashika moto vizuri kesho yake asubuhi kwenye kikaango kwa matone machache ya maji. Kebabu na naan malizeni pale pale.

Mzigo_Kkoo

Nimenakili yote kwenye simu. Ijumaa asubuhi nihari, usiku wake karahi ya bakra kilo moja, na mama namkeen gosht nusu kilo na pulao. Nikirudi nitaandika hapa saa tulizofika na kilichokuwepo, iwafae watakaofuata.